Kima cha Chini

Kuna kima ninayemjua:
mwizi wa mabibo shambani kwa baba, Kitangari.
Anakula bibo akiwa juu, korosho anatudondoshea.
Mwizi, lakini ana adabu zake.

Kuna kima ninayoijua:
nyama ya kusaga, vitunguu, pilipili manga.
Naikunja pembetatu mia mbili
kabla jua halijagusa bati la mgahawa wetu, Chikongola.

Nisichokijua ni hiki cha redioni.
"Kima cha chini," alisoma mtangazaji, "kimepanda,"
nami nikatazama chini, nikakitafuta,
nikaona maganda ya viazi na ndala zangu.

Bwana Mkwavila akazima redio.
"Hilo la mahoteli," akasema, "la wenye vitambulisho shingoni.
Ninyi ni kama wanangu."
Wanawe wanafuatwa mlangoni na basi la njano.

Si mtu mbaya. Bibi alipofariki
alileta mchele kilo tano, akavaa kanzu,
akakaa nasi mkekani hadi hitima.
Ndipo maneno yanaponikwama:
mtu aliyekuzikia, unamdaije?

Lakini minada ikifunguliwa, baba hukaa ghalani na wenzake,
barua za wanunuzi zinasomwa moja moja,
na bei ikiwa ndogo wanasema, "Hatuuzi."
Neno moja. Magunia yanalala pale pale,
na matajiri wanarudi wiki ijayo wakiwa wamejifunza hesabu.

Mikono yangu, mbona haina mnada?

Aliyeanza ni Somoe, wa chipsi.
Mkono wake wa kushoto mafuta yameuchora visiwa
kutoka kifundo hadi kiwiko.
Yeye ndiye hukabidhiwa chaki:
mafuta yakipanda, anafuta, anaandika;
viazi vikipanda, anafuta, anaandika;
gesi, anafuta.
Jumamosi ile watu wa korosho wamejaa,
pikipiki mpya, nailoni bado kwenye siti,
akaandika kama kawaida:

Chipsi kavu 2,500
Chipsi mayai 4,000
Robo kuku na chipsi 7,000
Sambusa ya kima 500

na chini kabisa, kwa mwandiko ule ule:

Somoe, alfajiri hadi saa nne usiku 6,000

Kijana mmoja akacheka. "Somoe ndiyo mboga gani?"
Akasoma tena. Akamtazama mwenye upawa.
Robo ya kuku imemzidi mtu mzima
kwa elfu moja.
Paja alilokwisha kulinyanyua
akalirudisha sahanini taratibu, kama kitu cha kuazima.

Nikatoka nyuma na unga mikononi,
nikaomba chaki, nikajiandika chini ya Somoe.
Mfaume wa vyombo, ambaye kalamu humkimbia,
akasema, "Na mimi niandike. Elfu nne.
Andika na sabuni ninajinunulia."

Bwana Mkwavila alikuja na kitambaa kilicholowa.
Hakugomba. Alifuta toka juu mpaka chini,
kuku, mayai, sisi,
ubao ukang'aa mweusi kama kisima.
Tukarudi kila mtu kwenye karai lake.
Ungetaka tufanye nini? Mafuta yalikuwa yanaungua.

Ila chaki ina tabia yake.
Joto la jiko likaukausha ubao
na majina yakaanza kurudi, hafifu,
kama ukungu wa pumzi kwenye kioo.
Mteja mgeni akasogea, akakunja macho,
kidole chake kikashuka kwenye mistari hadi mwisho:

"Samahani, hii ya chini
ni bei ya zamani, au ndiyo mpya?"

Somoe hakujibu. Nami sikujibu.
Tulimgeukia Bwana Mkwavila,
kitambaa mkononi, kinadondosha maji sakafuni.